Kitabu Chasema 100, Maji Yasema 95

Wasomaji wapendwa, na hasa ninyi kaka zetu mliotutangulia katika shule hii,

Kila mwaka mjapo kututembelea siku ya sikukuu ya shule, mazungumzo huanza kwa habari za mpira, yakaja kwa habari za chakula, na mwisho yakaishia darasani. Swali lenu ni moja: "Siku hizi sayansi mnaisomaje?" Nasi tukianza kueleza, baadhi yenu hutikisa kichwa. Mwasema kwamba zamani mwanafunzi alijua vitu, bali wa leo anachezea vitu. Mhariri ameniomba niandike katika kurasa hizi za Kiswahili habari za mabadiliko ya masomo ya sayansi. Nimekubali, kwa sababu mimi ni mmoja wa watoto waliokua ndani ya mabadiliko hayo, tangu madarasa ya chini mpaka mwaka huu wa sita ambao ni wa mwisho kwangu. Sikusudii kuyasifu tu wala kuyalaumu tu. Nataka kueleza niliyoyaona, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kwanza yafaa tukumbuke njia tuliyopita. Wengi wenu mlisoma kwa Kifaransa. Mwezi wa Oktoba 2008 Serikali iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na tangu 2009 shule zikaanza kugeuka. Mwalimu aliyejifunza fizikia yake yote kwa Kifaransa alitakiwa asimame mbele ya darasa na kuieleza kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado akijifunza. Hayo hayajapoa, Aprili 2015 ukatangazwa mtaala mpya, unaotegemea uwezo wa mwanafunzi, siyo maarifa ya kukariri peke yake. Ulianza kutumika 2016 katika darasa la kwanza na la nne la shule za msingi, na mwaka wa kwanza na wa nne wa sekondari. Mwaka 2017 yakafuata madarasa yaliyo juu ya hayo, na 2018 yakamalizika yaliyobaki.

Mimi nalianza darasa la kwanza 2014. Hesabu yenyewe ni rahisi: miaka mitatu ya kwanza nilisoma kwa mtaala wa zamani, na nilipoingia darasa la nne, 2017, nikakuta vitabu vipya vimekwisha kutangulia. Mwaka wangu wa kwanza wa sekondari ulikuwa 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa Machi, zikaanza kufunguliwa kidogo kidogo Novemba, na kwa miezi hiyo yote masomo yetu yalikuwa ya redio. Na sasa, kuanzia mwaka wa shule 2025/2026, wadogo zetu wa mwaka wa nne hawachagui tena mikondo kama tuliyochagua sisi. Mimi niko katika mkondo wa Fizikia, Kemia na Bayolojia, tunaouita PCB. Wao wana njia tatu pana: Hisabati na Sayansi, Sanaa na Elimu ya Jamii, na Lugha. Kwa hiyo sisi ni miongoni mwa watu wa mwisho kubeba jina la PCB, na baada yetu jina hilo litabaki katika hadithi za wazee.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Rwanda peke yake. Warusi waliporusha Sputnik angani tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka wakajiuliza shule zao zinafundisha nini, na mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kutia fedha nyingi katika sayansi na hisabati. Uingereza nako, tangu 1962, taasisi ya Nuffield ilianza kuandaa masomo ambayo mwanafunzi hutafuta jibu kwa mikono yake kabla ya kuambiwa. Majirani zetu pia wamepita njia hiyo. Tanzania iligeuza mihtasari ya sekondari kuelekea uwezo mwaka 2005, na Kenya imeacha mpango wake wa 8-4-4, ulioanza 1985, ikaingia katika mtaala wa umilisi. Basi hatuko peke yetu. Kila taifa lililoona kwamba watoto wake wanajua majibu bila kujua maswali limelazimika kufumua na kushona upya.

Lakini tofauti ni nini hasa? Watu wengi hufikiri kwamba mtaala mpya ni vitabu vipya vyenye picha nyingi. Ukifungua kitabu cha zamani cha kemia, sura huanza na maana ya neno. Kisha huja mifano, kisha maswali, na majibu ya maswali hayo yamo katika ukurasa wa nyuma yake. Ukifungua kitabu cha sasa, sura huanza na kazi: fanyeni jambo fulani, tazameni, andikeni mlichokiona, jadilianeni. Maelezo yanakuja baadaye. Hilo laonekana dogo, lakini lageuza darasa zima. Zamani mwalimu alikuwa chemchemi na wanafunzi walikuwa mitungi. Sasa mwalimu yampasa awe kama mvuvi mzee anayemkabidhi kijana kasia, naye akakaa nyuma akimtazama asizamishe mtumbwi.

Nitatoa mfano mmoja, kwa maana mfano hueleza kuliko maneno mengi. Tulipokuwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa fizikia alitugawa makundi makundi, kila kundi na chungu kidogo cha maji, jiko, na kipimajoto. Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto: chemsheni maji, andikeni joto lake kila dakika, chora mstari. Sote tulijua mwisho wake kabla ya kuanza, kwa kuwa kila mtoto wa shule amesoma kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Tukawasha moto, tukangoja. Maji yakaanza kutoa mapovu, yakachafuka, yakachemka kweli kweli. Kipimajoto chetu kilifika 95 kikasimama. Tukaongeza moto. Maji yakaruka nje ya chungu, lakini ule mstari mwembamba haukupanda hata kidogo.

Tukatazama kundi la jirani: 95. Kundi la pili: 95 na ushei. Kundi la tatu walikuwa na jibu zuri, 100 kamili, tena limeandikwa kwa wino. Mwalimu akaenda akatazama kipimajoto chao ndani ya maji, kisha akatazama daftari lao, asiseme neno. Halafu akarudi mbele akauliza, "Kitabu chasema 100, maji yasema 95. Nani mwongo?"

Darasa lilinyamaza. Mmoja akasema vipimajoto ni vibovu. Mwalimu akajibu kwamba vyaweza kuwa vibovu, lakini je, vyote sita vimeharibika kwa kiasi kimoja? Mwingine akasema maji yetu yana chumvi. Mwalimu akamwambia kwamba chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka, haishushi. Tuliondoka siku ile bila jibu, na huko kuondoka bila jibu kulitusumbua kuliko adhabu. Jioni bwenini watu hawakuzungumza jambo jingine.

Jibu tulilipata katika kipindi kilichofuata, nalo lilitoka upande ambao hatukuutazamia. Mmoja wetu alikuwa amemwuliza mpishi wa shule. Mpishi yule aliwahi kupika kule Bugarama, kusini kabisa mwa nchi, bondeni kwenye joto. Alisema maharagwe ya huku Gisenyi humlia kuni nyingi kuliko ya kule, wala hajui kwa nini, ila ndivyo yalivyo. Mwalimu alicheka kwa furaha. Akatueleza: maji huchemka pale mvuke wake upatapo nguvu ya kusukuma hewa iliyo juu yake. Ufukwe wa ziwa letu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo mgandamizo wake ni mdogo. Maji yetu hupata ruhusa ya kuchemka mapema, yangali karibu nyuzi 95. Ukipanda juu ya Karisimbi, mita 4,507, yatachemka karibu nyuzi 85. Maharagwe hayaivi kwa kelele za maji, huiva kwa joto. Kitabu hakikusema uwongo, ila kilikuwa kikizungumza habari za usawa wa bahari. Kipimajoto nacho kilisema kweli, kwa kuwa kilikuwa Gisenyi.

Mtaala mpya ulipoanza kwangu kuwa na maana ni hapo. Jambo lililobadilika halikuwa jibu, kwa kuwa hata wazee wetu waliosoma kwa Kifaransa walijua habari za mgandamizo wa hewa. Lililobadilika ni swali. Wao waliulizwa, "Maji huchemka kwa nyuzi ngapi?" Sisi tuliulizwa, "Mbona haya hayachemki kama ilivyoandikwa?" Swali la kwanza lina jibu moja duniani kote. Swali la pili lilitulazimisha tujue tulipo.

Nasi watu wa Gisenyi yatupasa tujue tulipo kuliko watu wengi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mbingu ya upande wa Goma iligeuka nyekundu. Nyiragongo ilikuwa imepasuka. Wazee walikumbuka Januari 2002, ambapo uji wa moto ulipita katikati ya mji wa Goma ukaingia ziwani, na wengine walikumbuka hata 1977. Safari hii ulisimama pembezoni mwa mji, lakini maelfu ya watu walivuka mpaka usiku ule wakaja kwetu, wamebeba watoto na magodoro. Kisha ardhi ikaanza kutikisika, siku baada ya siku, mitetemeko mingine ikizidi kipimo cha 5. Nyumba zilipasuka hapa mjini, nyingine zikaanguka. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Kitu nilichokisikia kila mahali, sokoni, kanisani na barabarani, ni hofu ya ziwa. Watu walisema ziwa litalipuka. Wengine walisema limekwisha kuanza kuchemka. Wengine walihama kwa sababu ya maneno hayo.

Masomo yalipoendelea, mwalimu wetu wa kemia hakuifuata sura iliyokuwa zamu yake. Alileta chupa ya soda, akaiweka mezani, akauliza gesi iko wapi. Haionekani. Akaifungua, mapovu yakapanda. Tukajifunza kwamba gesi hukaa ndani ya maji maadamu kuna kitu kinachoigandamiza, na kitu hicho kikiondoka, gesi hutoka. Kisha akatuchorea Ziwa Kivu ubaoni: kina chake karibu mita 480, maji ya juu mepesi, maji ya chini mazito yenye chumvi nyingi, na kati yao hayachanganyiki. Huko chini, chini ya uzito wa maji yote hayo, imelala hewa ya ukaa kadiri ya kilomita za ujazo 300, na methani kadiri ya 60. Akatusimulia habari za Ziwa Nyos kule Kamerun, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa hewa ya ukaa usiku, ikashuka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700. Hakutuficha kwamba hatari ya Kivu ipo. Lakini alitueleza pia kwamba gesi yetu iko ndani sana, kwamba si kila mtetemeko huweza kuipindua, na kwamba wapo wataalamu ambao kazi yao ni kupima maji hayo.

Siku ile ile akatuonyesha jambo la pili. Aliweka mishumaa mitatu katika beseni, mmoja mfupi, mmoja wa kadiri, mmoja mrefu, akaiwasha yote. Katika chombo cha pembeni akachanganya siki na magadi ya kuokea, akaimimina ile hewa iliyotoka, ambayo hatukuiona, ndani ya beseni polepole kama mtu amiminaye maji. Mshumaa mfupi ulizimika. Kisha ule wa kadiri. Ule mrefu ukaendelea kuwaka. Mwenzetu mmoja, ambaye jamaa zake wako upande wa Sake, akasimama akasema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, hayo ni mazuku!"

Kweli ndiyo yalikuwa mazuku. Hilo ni neno la Kiswahili cha huku kwetu. Wakazi wa kandokando ya Goma hulitumia kwa mashimo na mabonde ambamo hewa ya volkano hujikusanya, na kiumbe akiingia hufa bila jeraha. Mbuzi huanguka wakati mchungaji aliyesimama yuko salama, kwa sababu mbuzi ana kichwa chini. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo, nao huliandika mazuku katika maandishi yao. Tangu madarasa ya chini tulikuwa tumeimba kwamba hewa ya ukaa haina rangi, haina harufu, tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Tuliimba vizuri sana. Lakini siku ile tu ndipo tulipofahamu kwamba wimbo ule ulikuwa onyo. Haina rangi: hutaiona. Haina harufu: hutaisikia. Ni nzito: itakungoja bondeni, na mtoto ataifikia kabla ya mtu mzima. Kijana anayejua hivyo hatamtuma mdogo wake kuteremka shimoni kumfuata mbuzi aliyeanguka. Hapo mjue kwamba namna ya kufundisha si jambo la kupendeza macho tu. Huweza kuwa jambo la uhai na kifo.

Sasa nije katika upande wa pili, kwa maana nimeahidi kutosifu tu. Masomo kama yale niliyoeleza, katika miaka yangu yote, nayahesabu kwa vidole. Kipindi ni dakika 40. Tukigawana makundi, dakika kumi zimekwenda. Mizani ni chache, vyombo vya kioo huvunjika na havirudi upesi, na darasa likiwa kubwa, watu wawili hufanya kazi na wengine hutazama migongo yao. Mwalimu naye ana karatasi nyingi za kujaza za maandalio ya somo, na mwisho wa muhula anaulizwa amefika sura ya ngapi. Mtaala unamwambia, "Waache watafute." Kalenda inamwambia, "Maliza." Mtu hawezi kuwatii mabwana wawili, na mara nyingi bwana mwenye kalenda ndiye hushinda.

Lugha pia ni mlima. Kumwambia mwanafunzi ajadili ni kumwambia aseme, na kusema sayansi kwa Kiingereza ni kazi nzito kwa mtoto ambaye nyumbani asema Kinyarwanda na sokoni asema Kiswahili. Nimeona makundi ambayo yakiwa peke yake huzungumza kwa moto, yakabishana juu ya mgandamizo na joto kwa Kinyarwanda safi, na mwalimu akikaribia hunyamaza yote kama vyura waliosikia hatua za mtu. Zamani, katika mtindo wa kunakili, mwanafunzi bubu aliweza kufaulu. Katika mtindo wa kujadili, bubu huachwa nyuma. Mabadiliko yaliyokusudiwa kumsaidia mwanafunzi dhaifu yaweza kumsaidia zaidi yule mwenye ulimi mwepesi.

Tena yapasa niseme ukweli juu yetu sisi wanafunzi kwa jumla. Mtihani wa taifa ukikaribia, hatumwambii mwalimu, "Tupe jaribio." Twamwambia, "Tupe maelezo tunakili." Naye, akiwa anatupenda, hutupa. Katika muhula wa mwisho darasa la mtaala mpya hurudi kuwa darasa la zamani: mwalimu asoma, sisi twaandika. Watu husema kwamba waalimu wanakataa mabadiliko. Mimi nimeona wanafunzi wakiyakataa mbele ya waalimu, kwa kuwa jibu lililokwisha kupikwa ni rahisi kumeza. Mtihani ukiuliza "eleza maana ya", tutakariri maana. Ukiuliza "wanakijiji wa mahali fulani wameona jambo hili, eleza sababu", tutajifunza kufikiri. Mwanafunzi hufuata mtihani kama maji yafuatavyo mteremko.

Na ninyi kaka zetu, lawama yenu nayo ina ukweli ndani yake. Mwaka jana mmoja wenu, aliyemaliza hapa miaka mingi kabla sijazaliwa, alisimama katika bustani ya shule akatutajia kwa Kifaransa maana ya osmosi, neno kwa neno, pasipo kukwama. Kisha akatuuliza sisi. Tuliweza kumweleza jaribio la kiazi katika maji ya chumvi, jinsi kinavyonyauka, lakini hakuna aliyeweza kutoa maana yenyewe kwa sentensi moja iliyonyooka. Yeye akacheka, nasi tukacheka. Nilipofikiri baadaye niliona kwamba kila upande ulikuwa na nusu. Yeye alikuwa na sentensi, sisi tulikuwa na kiazi. Daktari au mhandisi anahitaji vyote viwili. Mtu asiyeweka kitu moyoni hana cha kufikiria nacho, kama fundi aendaye kazini bila nyundo. Mtaala mpya haukusema tuache kukariri. Ulisema tusiishie hapo. Wengi wetu tumesikia sehemu ya kwanza tu, kwa kuwa ndiyo tamu.

Basi nifanye nini na mawazo haya? Sina cheo cha kushauri Serikali, lakini nina ndugu wa aina mbili wa kuwaambia neno.

Neno la kwanza ni kwa wadogo zetu wa mwaka wa nne, walioanza njia mpya ya Hisabati na Sayansi. Msingoje vyombo vikamilike. Maji, moto, chumvi, siki, mshumaa, kamba na jiwe vyapatikana kila mahali. Ziwa liko mbele yenu, Nyiragongo iko nyuma yenu, chemchemi za maji moto ziko Nyamyumba, na viazi vya ngozi ya kila rangi viko sokoni. Wekeni daftari moja la kundi, siyo la kunakili, bali la maswali: tuliona nini, kitabu chasema nini, tofauti ni ipi. Sisi tumeanza daftari kama hilo, na ukurasa wake wa kwanza una namba 95. Tutawaachia. Tena kila jaribio mlimalizie kwa sentensi moja iliyonyooka, mkaiweke moyoni, ili siku ya sikukuu mkiulizwa msichekwe.

Neno la pili ni kwenu, kaka zetu. Wengi wenu mmefika mahali ambapo sayansi hufanya kazi. Methani ya ziwa letu ilianza kutumika katika kiwanda cha bia cha Bralirwa pale Rubona tangu miaka ya 1960. Kituo cha KivuWatt kule Karongi, kilichozinduliwa 2016, kina nguvu za megawati 26, na hapa hapa Rubavu kimejengwa kituo cha Shema Power cha megawati 56. Wako miongoni mwenu wanaofanya kazi hospitalini, mashambani, katika umeme na katika ujenzi. Mkija siku ya sikukuu, tafadhalini msituletee mpira peke yake. Tupeni saa moja ya kazi yenu. Tuelezeni siku ambayo kitabu kilisema hivi na mashine ikasema vile, na mlifanya nini. Kipimajoto cha zamani, mizani isiyotumika, vyombo vya kioo vilivyopasuka ukingo, vyote vitatufaa. Mwalimu wetu ana nia, ila hana mikono ya kutosha, na mkono mmoja haulei mwana.

Mitaala itabadilika tena. Waliokuja kabla yetu waliona miwili au mitatu, nasi huenda tukaona zaidi kabla mvi hazijatuota. Kila mara vitabu vitatoka vipya, majina ya mikondo yatafutwa, na lugha yaweza kugeuka. Mwanafunzi aliyefundishwa kungoja jibu atapotea kila mara. Yule aliyefundishwa kutazama kipimajoto chake, akaandika alichokiona hata kama daftari la jirani lina namba nzuri zaidi, huyo atasoma kwa mtaala wowote.

Nawatakia nyote masomo mema, na ninyi mlio kazini nawatakia kazi njema.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita, PCB
Gisenyi